Amana Mikononi mwa Usiyemwona

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka katika kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud, kando ya mto Rhine mjini Strasbourg, Ufaransa. Zimamoto wapatao mia moja waliitwa, na boti ya kuzimia moto ikawa inavuta maji kutoka mtoni. Kulipopambazuka, jengo la ghorofa tano lililoitwa SBG2 lilikuwa limeteketea lote, na vyumba kadhaa vya jengo la jirani, SBG1, vimeungua pia. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini kwa hesabu ya kampuni ya Netcraft, inayofuatilia hali ya intaneti, tovuti zipatazo milioni 3.6 zilizimika: za idara za serikali, za magazeti, za makumbusho, za maduka, za watu binafsi. Mwanzilishi wa OVHcloud, Octave Klaba, aliwaandikia wateja wake usiku uleule akiwashauri waanzishe mipango yao ya kukabiliana na maafa. Wengi wao hawakuwa na mpango wowote. Walidhani mpango huo ndio waliokuwa wakiulipia kila mwezi.

Baadhi ya vitu havikurudi tena. Facepunch, watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Rust, walipoteza seva zao 25 za Ulaya pamoja na kila kilichokuwa ndani. Wenye maduka madogo walipoteza orodha za wateja, hesabu, barua na picha za bidhaa zilizokusanywa kwa miaka. Na asubuhi ile, kabla hata moshi haujatulia, swali lilikuwa limeshaanza kuulizwa: hasara hii ni ya nani?

Mawakili walilijibu kwa lugha ya mikataba. Hata hivyo ni swali kongwe kuliko mikataba yote ya intaneti, na dini zimelishughulikia kwa makini kwa maelfu ya miaka. Mtu anapochukua mali ya mwenzake ili aitunze, anadaiwa nini? Na anayeitoa, anabaki na wajibu gani? Kila anayetafuta kampuni ya kuhosti tovuti yake anayauliza maswali hayo hayo, hata kama yeye anafikiri anauliza bei tu.

Torati iliyagusa mapema. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, imeelezwa hali ya mtu aliyepewa fedha au vyombo vya jirani yake avitunze, kisha vikaibwa nyumbani kwake, na hali ya mtu aliyekabidhiwa mnyama, kisha mnyama akafa, akaumia, akaibwa au akararuliwa. Wa kwanza anaapa kwamba hakuutia mkono wake katika mali ya mwenzake, yakaisha. Wa pili, mnyama akiibwa, analipa. Akiraruliwa na mnyama wa mwitu, analeta ushahidi na halipi. Marabi waliofafanua sheria hiyo walisema tofauti ni ujira: atunzaye bure hulaumiwa kwa uzembe, lakini atunzaye kwa malipo anabeba pia wizi na upotevu, na anasamehewa tu kwa yale ambayo hakuna binadamu angeweza kuyazuia. Warumi nao walimwekea mtunzaji wa bure mzigo mwepesi, kwa kuwa hakuwa na faida yoyote katika shughuli ile.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako madhehebu ya Shafii ndiyo yaliyoenea, wanafunzi wa fikihi wanalijua somo hili kwa jina la wadia. Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277, kina mlango mzima juu yake, nao unaanza mahali ambapo wafanyabiashara wachache wa leo wangependa kuanzia. Asiyeweza kuitunza amana ni haramu kwake kuipokea. Anayeweza lakini hana hakika na uaminifu wake mwenyewe, ni makruhu, yaani haipendezi. Anayejiamini ndiye anayependekezewa aipokee. Wajibu wa kwanza, basi, unamwangukia mpokeaji, na unamwangukia kabla hajapokea kitu: ajiulize kama mikono yake inatosha.

Baada ya hapo zinafuata sababu zinazomgeuza mwaminifu kuwa mdaiwa. Kumpa mtu mwingine amana bila idhini ya mwenyewe. Kusafiri nayo. Kuacha kuikinga na vitu vinavyoiharibu. Kuitumia. Kuikana, au kuchelewa kuirudisha mwenyewe anapoidai. Mtu akiisoma orodha hiyo huku ameweka mbele yake masharti ya kampuni yoyote ya kuhosti, atashangaa jinsi maswali yanavyolingana. Kampuni nyingi ndogo za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hazina seva zao wenyewe. Zinakodi nafasi Ujerumani, Marekani au kwingineko, kisha zinaiuza tena kwa rejareja. Biashara hiyo ni halali. Lakini mteja ana haki ya kujua kwamba amana yake imepita mkononi mwa mtu wa pili na pengine wa tatu, na kwamba siku yule wa juu akifunga duka, yule wa chini anaweza asiwe na la kufanya ila kuomba radhi. Kampuni inayoulizwa seva zake ziko wapi ikajibu kwa mzunguko imeshajieleza.

Huko Strasbourg, ripoti ya zimamoto iliyotolewa mwaka 2022 ilieleza kwamba kituo hakikuwa na mfumo wa kuzima moto wenyewe kwa wenyewe, wala swichi kuu ya kukata umeme wote kwa mara moja. Dari zake zilikuwa za mbao. Muundo uliowekwa ili hewa ya nje ipooze mashine bila gharama kubwa ulizidisha moto, kwa sababu hewa ileile ikawa inauchochea. Hapa Imamu Nawawi na zimamoto wa Ufaransa wangeelewana bila mkalimani: kuacha kuikinga amana na kinachoiharibu ni kosa la mtunzaji.

Mahakama ya biashara ya Lille ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Mnamo Januari 2023, katika kesi ya kampuni ndogo iliyokuwa imelipia huduma ya bakapu, yaani nakala za akiba zinazochukuliwa kila mara, iligundulika kwamba nakala hizo zilikuwa ndani ya jengo lilelile lililoungua, ilhali mkataba ulizungumzia mahali palipotengwa. OVHcloud ilijitetea kwa kusema moto ni janga lililo nje ya uwezo wa mtu. Hakimu wa ngazi hiyo ya kwanza hakukubali, akaamuru mteja alipwe zaidi ya euro 100,000. Mantiki yake ni nyepesi kuieleza. Moto unaweza kuwa ajali. Kuweka nakala karibu na kile inachokusudiwa kukinusuru ni uamuzi wa mtu aliyekaa kitini akahesabu gharama.

Kwa hiyo fidia ikapatikana, angalau kwa huyo mmoja. Je, hiyo ndiyo maana ya kuaminika?

Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986 iliyowafanya wenzake waanze upya kuufikiria uaminifu, alitumia mfano wa Immanuel Kant. Inasimuliwa kwamba Kant, aliyeishi Königsberg katika karne ya 18, alikuwa akitoka kutembea kila siku kwa wakati mmoja, hata majirani wakawa wanarekebisha saa zao kwa kumwangalia. Walimtegemea. Lakini siku moja kama angelala akapitiwa, wangesumbuka tu. Wasingeweza kusema amewasaliti, maana hakuwahi kuwaahidi chochote wala hakujua kwamba wanamhitaji. Kuamini ni zaidi ya kutegemea. Anayemwamini mtu anaacha wazi upande wake unaoweza kuumizwa, akitumaini kwamba mwenzake ameliona jambo hilo na analijali.

Tofauti hiyo ina uzito katika jambo letu. Seva inayowaka miaka mitatu bila kuzima inategemewa, kama saa ya Kant. Kampuni inayoiendesha ndiyo inayoaminiwa au isiyoaminiwa, na mambo haya mawili hayaendi pamoja siku zote. Ipo mashine imara inayomilikiwa na watu wasiojali, na wapo watu waadilifu wenye mashine zinazosumbua. Matangazo ya kuhosti huuza cha kwanza na kukiita cha pili.

Yatazame maneno wanayopenda kuyatumia. Kampuni inaahidi tovuti itakuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda. Inasikika kama ukamilifu, lakini kwa mwaka mzima asilimia hiyo inaruhusu kuzimika kwa takriban saa 8 na dakika 45. Asilimia 99 pekee ni zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.99 ni kama dakika 53. Na ahadi ikivunjwa, mikataba mingi inampa mteja kipande cha ada yake ya mwezi, tena kikatwe kwenye bili ijayo. Duka lililopoteza mauzo ya wiki ya sikukuu linarudishiwa shilingi elfu chache. Tarakimu hizo zina faida kwa kulinganisha kampuni na kampuni, na mteja azisome. Hazimwambii hata kidogo nini kitatokea usiku wa msiba.

Kinachomwambia ni namna kampuni ilivyojiendesha katika misiba iliyopita. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, alikuwa akihangaika usiku kurekebisha hitilafu, akafuta kwa bahati mbaya hifadhidata isiyokuwa ile aliyokusudia. Takriban gigabaiti 300 zilikwenda. Wenzake wakakimbilia bakapu, wakakuta kwamba kati ya njia tano walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo sita ikapotea.

GitLab haikujificha. Iliweka wazi kumbukumbu za kazi ya uokoaji huku kazi ikiendelea, ikawaonyesha watu moja kwa moja kwa video mafundi wakihangaika, kisha ikachapisha maelezo marefu ya kila kosa lililofanyika, bila kumtoa kafara mhandisi wake. Ilikiri kwamba bakapu zake hazikuwa zikijaribiwa, na ikataja itakavyorekebisha. Mtu anaweza kusema kampuni iliyofanya uzembe mkubwa kiasi hicho haifai. Ni hoja yenye nguvu. Lakini Onora O'Neill, mwanafalsafa wa Uingereza aliyetoa mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 2002 kuhusu suala hili, alisisitiza kwamba kutaka watu waamini zaidi ni lengo lisilo na maana. La maana ni kumwamini anayestahili, katika jambo analostahili, kwa ushahidi unaoonekana. Uwezo, ukweli, na kushika ahadi. GitLab usiku ule ilianguka katika la kwanza na ikasimama imara katika la pili. Kampuni ambayo haijawahi kukiri hitilafu hata moja katika miaka kumi haimpi mteja ushahidi wowote wa kupima, maana hakuna mashine isiyoharibika.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayechagua liwe hili: mna ukurasa wa wazi mnaotangaza hitilafu zenu, na mlipoharibikiwa mara ya mwisho mliwaambia nini wateja? Swali la bei lije baadaye.

Upo upande wa pili wa amana, upande wa mwenye mali, na huu unasahauliwa zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu mmoja alimwuliza Mtume Muhammad kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Wahubiri huitumia hadithi hiyo kuzungumzia bidii. Inafaa pia kwa anayelipa kampuni ya kuhosti, akalala usingizi mnono. Kumkabidhi mtu mali hakumvui mwenyewe wajibu wote. Kama data ni ya wanachama wa SACCOS, ya wagonjwa wa zahanati au ya wanafunzi wa chuo, basi mwenye tovuti mwenyewe ni mtunzaji wa amana za watu wengine, na hawezi kusema mbele yao kwamba kosa ni la kampuni ya mbali wasiyoijua. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Kenya ilikuwa na yake tangu 2019. Zote zinamwekea wajibu huyo aliyezikusanya taarifa, hata kama kazi ya kuzihifadhi amempa mwingine.

Waislamu wanao mfano mkubwa wa kufunga ngamia, nao unahusu kitu walichoamini kwamba Mungu mwenyewe ameahidi kukilinda. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi waliohifadhi Kurani vifuani, sahaba Umar alimshauri Khalifa Abubakar iandikwe na kukusanywa mahali pamoja. Kazi akapewa Zayd bin Thabit. Mkusanyo huo ukakaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa binti yake Hafsa. Zama za Khalifa Uthman zikatolewa nakala kutokana na huo, zikapelekwa katika miji mikubwa, mmoja mbali na mwingine. Imani yao katika ahadi haikuwazuia kuchukua tahadhari, na tahadhari yenyewe ilikuwa nakala nyingi, kwa njia mbili tofauti, maandishi na kumbukumbu za watu, katika miji iliyoachana.

Mafundi wa kompyuta wa leo wana kanuni wanayofundishana: nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mbali. Moto wa Strasbourg uliwaumiza zaidi waliokosa hiyo ya mbali. Na zaidi ya kuwa nayo, lazima ifunguliwe mara kwa mara ionekane kama ni nzima. Bakapu isiyojaribiwa ni dhana tu, kama GitLab walivyojifunza kwa njia ngumu.

Katika miji yetu ngamia huachwa bila kamba kwa njia nyingine, na jambo hili linahitaji kusemwa kwa uwazi. Taasisi inamlipa fundi atengeneze tovuti. Fundi anasajili domeini, lile jina linaloishia na .co.tz au .or.ke, kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, kwa sababu ni haraka. Analipia nafasi ya seva kwa akaunti yake. Miaka miwili baadaye amehama nchi, au wamegombana, au amefariki, na taasisi inagundua kwamba kisheria haimiliki hata jina lake mtandaoni. Mara nyingi fundi hakuwa mwizi. Hakuna aliyemwuliza. Domeini isajiliwe kwa jina la mwenyewe, nywila ziandikwe mahali pawili salama, na ni vizuri jina lilipiwe kwa kampuni moja na seva ikodiwe kwa nyingine, ili moja ikianguka isiondoke na vyote.

Hata wasajili wakubwa wa domeini huanguka. Mwaka 2007 msajili wa Marekani aitwaye RegisterFly alisambaratika, na watu wengi wakajikuta hawawezi kuyafikia majina ya tovuti zao. ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, lilimfutia kibali, na majina yaliyobaki yakahamishiwa GoDaddy. Baada ya msukosuko huo wasajili walianza kutakiwa kwa vitendo kuweka nakala ya kumbukumbu za wateja wao kwa mtu wa tatu asiye na maslahi, ili siku wakifa kibiashara wenye mali wapatikane. Utaratibu huo wa kumshirikisha shahidi ungewafurahisha mafakihi wa zamani.

Na vipi kuhusu wanaotunza bure? Mwaka 1999 Yahoo ilinunua GeoCities, mahali ambapo mamilioni ya watu wa kawaida walijenga tovuti zao za kwanza bila kulipa: kurasa za ukoo, kumbukumbu za wapendwa waliofariki, mashairi, orodha za timu za mtaani. Bei yake ilikuwa dola bilioni 3 na zaidi. Tarehe 26 Oktoba 2009 Yahoo iliifunga. Watu walipewa miezi ya kuhamisha vitu vyao, lakini wengi hawakupata habari, au walikwisha kufa. Kikundi cha wanaojitolea kiitwacho Archive Team, chini ya Jason Scott, kikakimbizana na muda kikinakili kadiri kilivyoweza, na maktaba ya Internet Archive, aliyoianzisha Brewster Kahle mwaka 1996, ikaokoa sehemu nyingine. Hawa hawakuwa na mkataba na yeyote. Waliona amana inatupwa, wakainama kuiokota. Kwa sheria ya Warumi au ya marabi, Yahoo pengine isingedaiwa kitu, kwa kuwa ilitunza bure. Kwa dhamiri, hesabu ni nzito zaidi, kwani mnunuzi alilipa mabilioni kwa sababu ya wale wale waliokuja kufungiwa mlango.

Kuna jambo jingine linalosumbua, nalo ni kama mtunzaji ana haki ya kukichagua anachokitunza. Agosti 2017 Matthew Prince, mkuu wa Cloudflare, kampuni inayozikinga tovuti dhidi ya mashambulizi, aliiondolea ulinzi tovuti ya Wanazi mamboleo wa Marekani. Kisha yeye mwenyewe akawaeleza wafanyakazi wake kwamba mtu mmoja hapaswi kuwa na uwezo wa namna hiyo. Aliyoyasema ni kweli, na aliyoyatenda ni sahihi. Chuki ya kutaka watu wauawe haina haki ya kudai ulinzi. Mteja wa kawaida anachopaswa kukitafuta ni masharti yaliyoandikwa wazi: kwa kosa gani anaweza kufungiwa, anaonywa siku ngapi kabla, na je, anaruhusiwa kuchukua vitu vyake akiondoka.

Hilo la kuondoka ndilo kipimo kizito kuliko vyote. Sira inasimulia kwamba mwaka 622, Mtume Muhammad alipolazimika kuhama Makka usiku huku wakuu wa Makureshi wakipanga kumwua, alimwacha binamu yake Ali nyuma azirudishe amana za watu. Waliokuwa wamemwekea mali walikuwamo humo humo katika mji uliomfukuza. Uhasama haukuwa sababu ya kuchelewesha. Kampuni ya kuhosti inayomtunza vizuri mteja anayelipa haijathibitisha mengi. Itazamwe inavyomtendea anayeaga: inampa nakala kamili ya tovuti na hifadhidata yake? Inatoa ile namba ya siri ya kuhamishia domeini siku hiyohiyo, au inamzungusha wiki tatu na kumtafutia deni? Wapo wanaoweka bei ya mwaka wa kwanza chini sana wakitegemea kwamba mteja ataona taabu kuhama mwaka wa pili inapopanda mara tatu. Kumshikilia mtu kwa mali yake mwenyewe ni kuichelewesha amana, kwa jina lolote la kibiashara litakalopewa.

Mahali pa seva napo pana uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi za jirani. Mtu wa Tanga alihangaika kufungua tovuti ya shule iliyo mtaa wa pili, kwa sababu kurasa zake zilikaa Ulaya. Hilo lingeweza kupunguzwa. Kenya ilianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, KIXP, mwaka 2000. Mdhibiti alikifunga ndani ya wiki chache kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ilipata chake mwaka 2004. Kabla ya hapo barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine jirani ilisafiri hadi ng'ambo na kurudi. Leo taasisi ambayo wasomaji wake wote wako hapa inaweza kuweka seva hapa, na nakala ya akiba nje. Kwa wengi huo ndio mpango bora, mradi kampuni ya hapa iweze kuonyesha kituo chake kina jenereta, kina vizima moto, na kina watu wanaopokea simu saa tisa usiku.

Jambo la mwisho linawahusu wenye tovuti za misikiti, parokia, shule, vyama na maduka. Wiki hii waiombe kampuni yao nakala kamili ya kila kilichomo. Waifungue kwenye kompyuta nyingine, waone kama inafunguka. Watazame domeini imesajiliwa kwa jina la nani na inaisha lini. Kisha wapige simu usiku, wasikilize kama kuna anayepokea. Kampuni ikishindwa kutoa nakala hiyo, au ikidai malipo ya ajabu ili kuitoa, watafute nyingine sasa, tovuti ingali hewani.